Seva Moja na Dhamana Yake: Kompyuta za Shule katika Ukanda wa Dhahabu

Ardhi iliyotoa almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940, kisha dhahabu ya Geita tangu mwaka 2000 na ya Bulyanhulu tangu mwaka uliofuata, haiwezi kusemwa kuwa imekosa mali. Na maadam sheria huzipa halmashauri ushuru wa huduma utokanao na mapato ghafi, na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 huwalazimu wenye migodi kuafikiana nazo kila mwaka juu ya wajibu wao kwa jamii, suali la kompyuta katika sekondari za Shinyanga na Geita ni la tadbiri kabla halijawa la fedha.

Desturi iliyozoeleka ni kuletewa shule kompyuta kamili, aghalabu zilizokwisha kutumika ng'ambo, kila moja ikiwa na diski yake, virusi vyake, na feni ivutayo ndani ya kasha vumbi la kiangazi cha Usukumani. Shule yenye kompyuta 20 za namna hiyo ina wagonjwa 20 wa kuuguza, na tabibu wao yuko mjini. Njia ya pili, ambayo mradi wa programu uitwao LTSP umeitoa bure kwa walimwengu tangu mwaka 1999, ni kuweka seva moja yenye nguvu, inayobeba programu na kazi zote za wanafunzi, na kuiunganisha kwa nyaya na vituo vyepesi visivyo na diski, ambavyo viwashwapo huchukua mfumo wao kutoka kwenye seva hiyo. Hata kompyuta kongwe, ikishaondolewa diski, yaweza kugeuzwa kituo. Kituo chepesi pamoja na kioo bapa hutumia takriban wati 30, ilhali kompyuta ya zamani yenye kioo cha bomba hupita 100 bila taabu. Kwa hiyo darasa zima la vituo 20, pamoja na seva yake, laweza kutosheka na kilowati moja, kiasi ambacho paneli za jua na betri hukihimili umeme wa TANESCO ukatikapo. Wala lugha si kizuizi, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004.

Wapinzani husema, na hoja yao ni nzito, kwamba seva ikifa darasa zima limekufa. Ni kweli, walakini hatari iliyokusanywa mahali pamoja hulindika, na iliyotawanyika hailindiki: seva na ipewe diski mbili zenye nakala ile ile, betri ya akiba, na, zaidi ya yote, fundi mwenye mshahara, ahudumiaye shule kadhaa za wilaya moja, badala ya mwalimu wa hesabu aliyekabidhiwa ufunguo kama sadaka. Hapa ndipo mipango mingi hupotoka, kwa kuwa mashine hukabidhiwa kwa hafla na mshahara hauna hafla. Mpango wa kila mwaka wa mgodi na ununue vifaa, vinavyonunuliwa mara moja; mshahara ulipwe na halmashauri kutoka katika ushuru wa huduma, na mshahara huo uhamishiwe katika mapato mengine ya kudumu mapema, kwani mgodi wa Buzwagi wa Kahama, ulioanza kuchimbwa mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021.