Nyundo, Spana na Kipimo katika Nchi ya Kasongo

Ipitapo gari la moshi au pikipiki, macho yetu huishia kwenye mashine. Ni mara chache tunamkumbuka fundi na mfuko wake. Lakini historia ya Maniema ya Kusini yatufundisha kwamba mashine haifiki mbali pasipo zana za mkono.

Mwaka 1876 Stanley alipita Kabambare, akafika nchi ya Kasongo, alikokutana na Tippu Tip. Wapagazi wake walibeba mabegani mashua Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, ikiwa imegawanywa vipande. Porini ilikuwa mzigo tu. Vipande vilipoungwa mtoni, ikawa chombo. Kiungo kimoja kikilegea, maji yaingia.

Kati ya Kongolo na Kindu mto Lualaba una maporomoko, meli hazipiti. Kwa sababu hiyo kampuni ya CFL ilijenga reli ya kilometa 355, nayo ilikuwa tayari mwaka 1911. Upana wa njia ulikuwa milimeta 1,000. Ule wa reli ya Katanga, milimeta 1,067. Tofauti hiyo haifiki upana wa kiganja, lakini behewa la njia moja halipiti kwenye nyingine. Mwaka 1955 njia ya CFL ilipanuliwa. Hapa twaona kwa nini zana ya kwanza ya fundi ni kipimo.

Baada ya kipimo huja jiriwa la kubania chuma, msumeno na tindo za kukikatia, tupa ya kukilainisha, na nyundo. Tena bisibisi, koleo na spana. Methali husema, mchagua jembe si mkulima. Lakini fundi asiyechagua spana huharibu kazi. Akifungua nati kwa koleo, pembe zake hulika, na kesho hata spana ya kipimo chake haishiki.

Katika vita vya 1998 hadi 2003 treni zilikoma kufika Kindu. Chumvi, sabuni na mafuta ya mawese vilisafiri kwa baisikeli, zikisukumwa siku nyingi msituni. Hapo chakula cha nyumba nyingi kilimtegemea mtu mwenye spana, pampu na kipande cha mpira.

Basi, tunapompeleka kijana kujifunza ufundi, tusimwulize tu atapata mashine lini. Tumzoeze kufuta zana zake zisipate kutu, kurudisha alichoazima, na kuzihesabu zote kabla jua halijatua.