Ufundishaji wa msamiati: Orodha pekee hazitoshi

MUULIZE mwanafunzi wa shule ya msingi mjini alifanya nini kabla ya kufika shuleni. Aghalabu atakujibu kuwa aliosha uso, akaosha meno, kisha akaosha vyombo. Jumamosi ataosha nguo na kuosha nyumba. Kitenzi kimoja kimetwikwa kazi ya vitenzi vitano.

Kiswahili sanifu huzitenga kazi hizo. Mtu hunawa uso na mikono, huoga mwili, hupiga mswaki na kusukutua kinywa. Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, nayo sakafu hupigwa deki.

Si kwamba mtoto huyo hajafundishwa maneno. Huenda amekariri wana wa wanyama tangu ndama hadi kitungule, shibli na kiluwiluwi. Huenda pia anayajua malipo: nauli, fidia, arubuni, kiinua mgongo. Orodha za aina hii zilishamiri enzi za mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, kwa kuwa maswali ya kuchagua jibu yaliwafaa waliokariri. Mtihani umeondoka, lakini mazoea hayaondoki upesi. (Binafsi sioni kwa nini mtoto wa miaka tisa ajue shibli kabla ya kujua kufua.)

Ipo tofauti kubwa kati ya kulitambua neno na kulitumia. Mwanafunzi aliyekariri kuwa arubuni ni malipo ya kwanza ya kuthibitisha ununuzi humwona babake akimpa seremala sehemu ya bei ya kitanda, naye akaieleza shughuli hiyo kwa neno la Kiingereza. Hajawahi kuonyeshwa kwamba arubuni ndiyo hiyo.

Kwa hivyo, mwalimu hana budi kuanzia kwenye tendo au kitu chenyewe. Chukua mfano wa beseni, maji, sabuni na kitambaa kichafu. Mwalimu akifua kitambaa hicho mbele ya darasa, akakisuuza kwa maji safi, akakikamua na kukianika, wanafunzi watakuwa wamepata vitenzi vinne bila maelezo marefu. Kikikauka atakianua, akipige pasi na kukikunja. Maneno hayo hushikana akilini kwa sababu kazi zenyewe hufuatana. Kuanua, ambalo ni neno lililoanza kusahaulika hata miongoni mwa watu wazima, hupata mahali pake.

Vivyo hivyo kwa vitenzi vya mwendo. Kunyata, kuchechemea, kupepesuka na kusota havihitaji ubao. Mtoto mmoja aigize, wenzake wataje tendo, kisha kila mmoja atunge sentensi yake.

Nomino nazo zisifundishwe zikiwa peke yake. Anayejifunza neno ufagio ajifunze papo hapo kusema ufagio huu na fagio hizi, la sivyo neno litamponyoka pindi atakapoandika insha. Katika madarasa ya juu, mwalimu aonyeshe jinsi mzizi mmoja unavyozaa maneno: soma hutupa somo, msomaji, msomi, kisomo na somesha.

Ujuzi huo wa mizizi ndio pia ufunguo wa kamusi. Mwanafunzi anayetafuta zimefuliwa kwenye herufi Z atarudi mikono mitupu, kwani neno hilo liko chini ya fua. Nyembe nazo huorodheshwa katika umoja, yaani wembe.

Maneno matano au sita yanatosha kwa kipindi kimoja, mradi yarudiwe kesho yake, na tena baada ya wiki, katika hadithi au mazungumzo mapya. Maneno ishirini yaliyonakiliwa daftarini na kuachwa humo ni kazi ya mkono tu.

Hata upimaji ubadilike. Badala ya kuuliza maana ya kuanua, mwalimu amwambie mtoto kwamba wingu limetanda, nguo ziko kambani na mama yuko sokoni, kisha amwulize atafanya nini.