Damu ya mbwa iliyochangwa: uhifadhi na ukaguzi wa ubora

Damu ya mbwa iliyochangwa ni damu iliyotolewa kwa mbwa mzima na kuwekwa akiba kwa ajili ya mbwa mwingine aliyejeruhiwa, anayepasuliwa, aliyekula sumu ya panya au aliyepungukiwa damu kwa homa ya kupe. Richard Lower alihamisha damu ya mbwa mmoja hadi kwa mwingine huko Oxford katika miaka ya 1660, kabla binadamu yeyote hajaongezewa damu. Kuiweka akiba ndiko kulikochelewa. Nchini Uingereza, shirika la hisani la Pet Blood Bank UK, lenye makao Loughborough, lilianza kazi mwaka 2007, baada ya sheria kulegezwa miaka miwili nyuma.

Mchangiaji kwa kawaida ni mbwa mtulivu mwenye umri wa mwaka 1 hadi 8 na uzito wa zaidi ya kilo 25. Hutoa takriban mililita 450, na mfuko hupimwa kwenye mizani papo hapo: ukipungua mno, dawa ya kuzuia damu isigande huzidi kiasi kinachofaa. Hupimwa pia kundi la damu, hasa DEA 1. Uingereza haimpokei mbwa aliyewahi kutoka nje ya nchi, kwa kuhofia vimelea vya Babesia, Ehrlichia na Leishmania. Afrika Mashariki sharti hilo lisingesaidia kitu, kwa kuwa kupe wenye Babesia na Ehrlichia wako uani, na mbung'o huwaambukiza mbwa nagana. Hapa kinga ni kipimo chenyewe, na kutazama damu kwa hadubini pekee hakutoshi: mbwa anaweza kubeba vimelea vichache mno visionekane, naye anakimbia na kula vizuri. Kipimo cha PCR hunasa wengi wa hao, ingawa si wote.

Joto na muda

Damu nzima huzungushwa kwa kasi katika mashine ili chembe nyekundu zijitenge na plazma. Chembe nyekundu zikitiwa maji yenye virutubisho hukaa kwenye jokofu la nyuzi 1 hadi 6 za Selsiasi kwa siku 35 hadi 42, kutegemea aina ya maji hayo. Zisigande kamwe, kwani barafu huzipasua. Plazma, kinyume chake, hugandishwa ndani ya saa chache ili viini vya kugandisha damu visiharibike, hasa cha 5 na cha 8. Ikiwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, hudumu mwaka mmoja ikiwa na nguvu kamili, kisha huweza kutumika hadi mwaka wa 5 kwa mahitaji machache zaidi. Mbwa aliyekula sumu ya panya bado ananufaika nayo, kwa kuwa viini anavyokosa ni vile visivyopotea upesi. Chembe sahani hazipendi baridi: hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole, na baada ya siku 5 hazifai.

Ndani ya jokofu damu haikomi kubadilika. Chembe huishiwa nguvu, asidi na amonia huongezeka, na baadhi hupasuka. Potasiamu, inayowasumbua wanaohifadhi damu ya binadamu, haiwi tatizo kubwa kwa mbwa wengi kwa sababu chembe zao zina kiasi kidogo. Baadhi ya mbwa wa asili ya Japani, kama Akita, ndio wa kuangaliwa.

Ukaguzi

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni kiwango cha chembe zilizopasuka, ambacho benki nyingi hazikubali kizidi asilimia 1. Sampuli za mifuko huoteshwa maabara kutafuta bakteria, maana wapo wanaozaana hata kwenye baridi. Jicho nalo lina kazi: damu iliyogeuka ya zambarau au kahawia, au yenye rangi tofauti na ile iliyobaki kwenye kimrija cha mfuko, haitumiki. Kwa plazma kuna ujanja mzuri. Mfuko hufungwa mpira katikati kabla ya kugandishwa, kisha mpira huvuliwa ukiacha kibonyeo. Kibonyeo kikipotea, umeme ulikatika na plazma ikayeyuka kabla ya kuganda tena, hata kama kipimajoto cha asubuhi kinasoma sawa.

Mianya mingi iko kwenye zahanati ndogo, si benki. Jokofu linalohifadhi chanjo na chakula cha wafanyakazi hufunguliwa kutwa nzima, na rafu za mlangoni ndizo zenye joto zaidi. Benki huwa na jokofu la damu tupu, lenye kuandika joto lenyewe na kengele ya tahadhari. Damu iliyokaa nje hadi ikapita nyuzi 10 hairudishwi akibani. Mfuko uliotobolewa ukirudishwa kwenye baridi humalizwa ndani ya saa 24, na kazi ya kumwongezea mgonjwa isizidi saa 4. Plazma huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 ikiwa ndani ya mfuko wa pili, na mfuko wake ushikwe taratibu, kwa kuwa plastiki iliyoganda hupasuka kwa kugongwa kidogo tu.