Kabla ya Kitimoto, Kulikuwa na Mbegha

Wadau wa kitimoto, mnaoagiza nusu kilo na ndizi za kukaanga huku mkichungulia nani anapita, hii inawahusu.

Karne ya 19, Mazinde ya Korogwe ilikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri, mfalme wa Usambaa. Jamaa alishuka milimani akajenga tambarare kwa sababu moja: misafara ya pembe na watumwa ilipita hapo. Watu wa pwani walileta bunduki, nguo na dini yao, na kwa dini hiyo nguruwe ni haramu.

Sasa cheki asili ya ukoo wenyewe. Simulizi zinasema Mbegha, babu yao, alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu. Kwao Nguu walimnyima urithi kisa meno ya juu yalitangulia kuota, eti kigego. Akakimbilia Usambaa, ambako nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba. Yeye anaua, anagawa nyama. Watu wakashiba, mazao yakapona, mwisho wakampa utawala pale Vuga. Yaani ufalme mzima ulianza na mgawo wa nyama ya nguruwe!

Na aliyeandika hayo kwenye Habari za Wakilindi ni Abdallah bin Hemedi, Mwislamu wa pwani. Hakuficha kitu, wala hakumtukana Mbegha.

Miaka mingi baadaye, Aprili 1993, mabucha ya nguruwe Dar es Salaam yakavamiwa na kuvunjwa. Leo mjini humo nyama hiyo bado inaagizwa kwa majina ya kuficha: mdudu, mbuzi katoliki.