Leseni ya Udereva na Historia ya Mgeni

Wanafunzi wangu wanaopata ufadhili wa kusoma Uingereza huniuliza swali moja: kwa nini mtu aliyeendesha gari Dar es Salaam kwa miaka 10, tena upande ule ule wa kushoto, atakiwe kujifunza upya? Swali linaonekana la kiofisi, lakini jibu lake ni la kihistoria.

Leseni haikuzaliwa ikiwa cheti cha umahiri. Sheria ya Magari ya mwaka 1903 ilimtaka dereva wa Uingereza alipe shilingi 5, basi, hakuna aliyempima. Mtihani ulifanywa wa lazima tarehe 1 Juni 1935, baada ya vifo vya barabarani kuzidi 7,000 kwa mwaka. Kwa takriban miaka 30, kwa hiyo, leseni ilikuwa risiti tu. Ndipo ikawa ushahidi wa ujuzi.

Kwa upande wa wageni, mataifa yalikubaliana Paris mwaka 1909 na 1926, Geneva mwaka 1949 na Vienna mwaka 1968. Mikataba hiyo ilimlenga msafiri, si mkaazi. Ule wa Vienna unairuhusu nchi kukataa leseni ya kigeni ya mtu aliyehamishia makazi yake humo. Ndiyo maana mwenye viza ya muda mrefu huko Uingereza huendesha kwa leseni ya kwao kwa miezi 12 tu. Baada ya hapo, wenye leseni za nchi zilizoteuliwa hubadilishiwa leseni zao. Wengine huchukua leseni ya mwanafunzi, kisha mtihani wa nadharia na wa vitendo.

Barani Afrika, Afrika Kusini na Zimbabwe zimeteuliwa. Kenya na Tanzania hazimo. Wapo wanaoona hapa kivuli cha ukoloni wa walowezi, na sishangai. Hata hivyo, sheria yenyewe inamtaka waziri aridhike na utaratibu wa nchi husika wa kutoa leseni. Hapo swali linaturudia sisi: je, ni wangapi miongoni mwetu waliopata leseni bila kupimwa barabarani? Kila leseni iliyonunuliwa kwa rushwa inamdhoofisha dereva mwaminifu anayebisha hodi ugenini.

Lakini tusijilaumu peke yetu. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 iliwapa maafisa wa leseni mamlaka ya kumnyima au kumfutia leseni mtu asiye na kibali cha kuishi nchini, hata akiwa dereva hodari. Sheria ya mwaka 2016 ikaongeza kosa la jinai la kuendesha gari akiwa katika hali hiyo. Mkaguzi huru wa mipaka na uhamiaji aliripoti mwaka huo huo kwamba baadhi ya leseni zilifutwa kimakosa. Risiti iliyokuwa cheti cha ujuzi ikageuzwa kituo cha ukaguzi wa uhamiaji.

Kwa mwanafunzi, ushauri wangu ni mfupi: usingoje mwezi wa 12. Kwa watumishi wa umma, kazi ni ndefu zaidi: safisheni mitihani yetu, kisha dai la kutambuliwa liwekwe mezani pamoja na mikataba ya biashara. Anayedai kuaminiwa ugenini hana budi kwanza kuaminika nyumbani.