Jua la Jabe na Taa za Ruzizi

Mgeni afikaye Jabe, mjini Bujumbura, hushangaa kuona jua kali juu ya mabati na mshumaa ndani ya nyumba umeme ukatikapo. Wapo wasemao kwamba watu hawajui manufaa ya umeme wa jua (wanafunzi wetu husema “sola”, na neno limekwisha kukaa). Sisi hatukubali.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mji huu ulipata umeme wa maporomoko ya mto Ruzizi. Mwaka 1986 ukaongezwa ule wa Rwegura, megawati 18. Mwenye nyaya za REGIDESO hununua umeme kadiri ya mfuko wake. Mtambo wa jua ulidai gharama ya miaka mingi ilipwe siku moja, na betri, ambayo ndiyo hufa kwanza, inunuliwe tena. Isitoshe, Jabe wapangaji ni wengi: nani atapigilia mali yake juu ya paa la mwenye nyumba?

Kenya ilitangulia. Mwaka 1984 Harold Burris, Mmarekani, alifunga mitambo katika shule ya Karamugi, upande wa Mlima Kenya, na mafundi wakafunzwa. Hata hivyo, wanyonge wengi walingoja hadi mwaka 2012, M-KOPA ilipoanza kuuza kwa malipo madogo ya kila siku kwa simu.

Burundi ilipata kituo cha jua cha Mubuga, Gitega, mwaka 2021, megawati 7.5; lakini umeme wake hupita katika nyaya zile zile za REGIDESO.