Programu mpya kwenye Linux kuukuu: Kiraka au mfumo mpya?

MTUMIAJI wa tarakilishi yenye mfumo wa Linux hufikia siku ambapo programu anayoihitaji hukataa kufanya kazi. Ameipakua na kuisakinisha ipasavyo, lakini anapoifungua hupata ujumbe mfupi kwamba kitu fulani hakikupatikana. Mara nyingi programu yenyewe haina kasoro wala mashine haijaharibika. Tatizo ni kwamba programu imeundwa juzi ilhali mfumo ni wa miaka mingi iliyopita.

Hapo mtumiaji huwa na njia mbili. Anaweza kutafuta namna ya kuiweka programu hiyo moja kwenye mfumo ule ule wa zamani, au kuupandisha mfumo wote hadi toleo jipya. Njia ya kwanza huonekana fupi, na ya pili huonekana ndefu na yenye hatari. Hata hivyo, uamuzi huu haufai kufanywa kwa kupima urefu wa njia. Swali la kwanza ni iwapo mfumo huo wa zamani bado unapokea viraka vya usalama kutoka kwa watengenezaji wake.

Programu hutoka ghalani

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Alichokiunda ni kiini, yaani sehemu ya ndani inayounganisha programu na vifaa vya mashine. Makundi mbalimbali hukichukua kiini hicho, yakakiongezea maelfu ya programu nyingine na kutoa mfumo kamili. Mojawapo ni Debian, iliyoanzishwa mwaka wa 1993. Nyingine ni Ubuntu, ambayo msingi wake ni Debian. Ubuntu ilitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake lina maana ya utu.

Kila toleo la mifumo hii huwa na ghala lake la programu kwenye mtandao. Programu zilizomo ghalani zimejaribiwa pamoja, na hutegemeana kama matofali ya ukuta mmoja. Toleo likishatangazwa rasmi, namba za programu nyingi husimama pale zilipo. Kasoro za usalama huzibwa, lakini programu yenyewe haipandishwi hadi toleo lake jipya.

Jambo hili huwapotosha wengi, kwani hudhani kwamba namba ya zamani ni dalili ya hatari. Mfano mzuri ni kasoro ya Heartbleed iliyofichuliwa Aprili 2014 katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya siri mtandaoni. Waundaji wa OpenSSL walitoa toleo 1.0.1g kuziba mwanya huo. Debian 7 haikuhamia toleo hilo. Ilibaki na 1.0.1e, ikaongeza kiraka pekee, na waliosasisha mifumo yao wakawa salama. Aidha, mifumo iliyokuwa bado inatumia OpenSSL 0.9.8, ambayo ilikuwa ya zamani zaidi, haikuwa na mwanya huo kamwe.

Kwa hivyo, mfumo wa zamani unaotunzwa si sawa na mfumo wa zamani ulioachwa. Wa kwanza unaweza kubeba programu moja mpya bila madhara. Wa pili ni nyumba isiyo na mlinzi, hata ukiwekewa samani mpya.

Kwa nini programu mpya hukataa

Programu nyingi za Linux hazifanyi kila kazi zenyewe. Huazima huduma kutoka kwa maktaba za pamoja, ambazo ni mafungu ya maagizo yanayotumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja. Maktaba iliyo kuu miongoni mwa hizo huitwa glibc. Takriban kila programu katika Debian, Ubuntu na CentOS huitegemea.

Maktaba hiyo ina kanuni moja muhimu. Programu iliyoundwa kwa glibc ya zamani kwa kawaida hufanya kazi kwenye glibc mpya, lakini kinyume chake hakiwezekani. Programu mpya inapotafuta huduma ambayo maktaba ya zamani haina, hukataa kuanza.

Ubuntu 18.04 inaonyesha hali hiyo waziwazi. Ilitolewa Aprili 2018 ikiwa na glibc 2.27. Miezi michache baadaye, Agosti 2018, glibc 2.28 ikatoka. Tofauti hiyo ya hatua moja haikumsumbua mtu kwa miaka kadhaa. Aprili 2022, Node.js 18, ambayo hutumiwa kuendesha programu nyingi za wavuti, ilitolewa ikidai glibc 2.28 au zaidi. Mwanzoni mwa 2024, Visual Studio Code toleo 1.86 nalo likaweka sharti lilo hilo, na waandishi wa programu waliozoea kuunganisha mashine zao na seva za zamani wakajikuta wamefungiwa nje. Malalamiko yalipozidi, Microsoft ililegeza sharti hilo la seva kwa muda.

Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba Node.js 18 ilipotoka, Ubuntu 18.04 ilikuwa bado na mwaka mzima wa utunzaji wa kawaida, uliomalizika Mei 2023. Hivyo basi, programu kukataa si ushahidi kwamba mfumo umekwisha muda. Vivyo hivyo, programu kukubali si ushahidi kwamba mfumo ni salama.

Njia za kuongeza programu bila kubomoa

Mfumo ukiwa bado unatunzwa, zipo njia kadhaa za kuongeza programu mpya bila kuugusa msingi.

Ya kwanza ni ghala la nyongeza linaloendeshwa na waundaji wa mfumo wenyewe. Debian ina ghala liitwalo backports, ambamo programu mpya huundwa upya ili zilingane na maktaba za toleo la zamani. Hii ndiyo njia ya kujaribiwa kwanza, kwa kuwa programu huja ikiwa imekwisha kurekebishwa ifae mfumo uliopo.

Ya pili ni Snap, Flatpak na AppImage. Programu inayosambazwa kwa njia hizi huja na maktaba zake, mithili ya msafiri aliyebeba chakula chake badala ya kutegemea jiko la mwenyeji. Gharama yake ni nafasi ya diski na data ya intaneti, kwani programu ndogo inaweza kuandamana na mamia ya megabaiti ya maktaba. Kwa mtu anayenunua bando kila siku, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni kontena, kwa mfano zile za Docker, ambazo huwafaa zaidi wasimamizi wa seva. Kontena hubeba takriban mfumo mzima isipokuwa kiini. Kiini hubaki kuwa cha mashine mwenyeji, na kikiwa na mwanya wa usalama, kontena haliwezi kuuziba.

Ya nne ni kuunda programu kutoka kwa msimbo wake wa asili na kuiweka mahali pake pa pekee, kama vile "/usr/local" au "/opt", mbali na programu za mfumo. Hata hivyo, anayechagua njia hii hujitwika wajibu wa kuitunza. Ghala la mfumo halitamletea viraka vya programu hiyo. Atalazimika kufuatilia habari zake na kuiunda upya kila inapotokea kasoro.

Makosa yanayoangusha mfumo

Madhara makubwa hutokea mtumiaji anapojaribu kubadilisha msingi wenyewe ili kuiridhisha programu moja. Kosa la kwanza ni kuingiza glibc mpya kwa nguvu katika mfumo wa zamani. Kwa kuwa takriban kila programu huitegemea maktaba hiyo, kosa dogo linaweza kuzuia hata amri za kawaida za kuorodhesha na kunakili faili, na mashine isiwake tena.

Kosa la pili ni kuondoa Python ya mfumo na kuweka mpya mahali pake. Katika CentOS 7, programu ya yum inayosakinisha programu nyingine iliandikwa kwa Python 2.7. Anayeiondoa Python hiyo hukata tawi alilokalia, kwani chombo cha kumsaidia kurekebisha kosa nacho huwa kimeharibika. Python mpya hupaswa kuwekwa kando ya ile ya zamani.

Kosa la tatu ni kuchanganya maghala ya matoleo mawili, mathalan kuongeza ghala la Debian 12 kwenye mashine ya Debian 10 kwa ajili ya programu moja. Programu hiyo huvuta maktaba mpya, nazo huvuta nyingine, mpaka mashine ikawa si toleo la zamani wala jipya. Wanachama wa Debian huyaita mazimwi hayo FrankenDebian, na huonya kwamba ni vigumu mno kuyarekebisha.

Pale kiraka kisipotosha

Kila toleo lina siku yake ya kustaafu. Matoleo ya Ubuntu yenye utunzaji wa muda mrefu hupata viraka vya kawaida kwa miaka 5. Debian hufikisha takriban miaka 5 ikijumlishwa na mradi wake wa utunzaji wa ziada. CentOS 7, iliyotolewa mwaka wa 2014, iliachwa mnamo Juni 30, 2024. Kwa Ubuntu, huduma ya Ubuntu Pro huongeza muda huo, na mtu binafsi huweza kuitumia bila malipo kwenye mashine zisizozidi 5. Hiyo ni njia halali ya kununua muda wa kujipanga.

Baada ya siku hiyo, mianya huendelea kugunduliwa na kutangazwa hadharani, lakini hakuna anayeiziba katika toleo lililoachwa. Mdukuzi husoma matangazo yale yale anayosoma msimamizi. Iwapo mashine hiyo ni seva ya zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo, walio hatarini ni wagonjwa, wanafunzi na wanachama ambao hawajui hata kwamba seva hiyo ipo.

Mfumo ulioachwa pia hupoteza polepole uwezo wa kuwasiliana. Mnamo Septemba 30, 2021, cheti kimoja kikuu kilichotumiwa kuthibitisha tovuti zenye vyeti vya Let's Encrypt kilimaliza muda wake. Mashine nyingi zilizokuwa na OpenSSL 1.0.2 au ya zamani zaidi, na ambazo hazikuwa zimesasishwa, zilianza kuzikataa tovuti halali. Mashine hizo hazikuwa zimeguswa na mtu yeyote. Ulimwengu ndio uliosonga mbele ukaziacha nyuma.

Katika hali kama hiyo, kuongeza programu moja mpya ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Kivinjari kipya huweza kufungua kurasa vizuri, lakini kiini, huduma za mtandao na maktaba zilizo chini yake hubaki wazi.

Hatua za kupandisha mfumo

Hatua ya kwanza ni kujua toleo lililopo. Amri "cat /etc/os-release" huonyesha jina na namba ya mfumo, na "ldd --version" huonyesha glibc iliyopo. Namba hizo hulinganishwa na tarehe za utunzaji zilizotangazwa na waundaji.

Hatua ya pili ni kunakili data zote kwenye diski nyingine, kisha kujaribu kuzifungua kutoka huko. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Pamoja na data, inafaa kunakili faili za mipangilio na orodha ya programu zilizosakinishwa.

Hatua ya tatu ni kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Ubuntu 18.04 hupandishwa hadi 20.04, kisha 22.04, ndipo 24.04. Debian nayo haiungi mkono kuruka toleo. Mwenye mashine iliyoachwa nyuma kwa ngazi tatu au nne mara nyingi huona nafuu kusakinisha mfumo mpya kabisa na kurejesha data. Kwa seva muhimu, busara ni kuandaa mashine ya pili, kuijaribu kwa siku kadhaa, kisha kuhamishia kazi huko huku ile ya zamani ikiwekwa akiba.

Kwa tarakilishi kongwe, kikwazo huwa ni mashine yenyewe. Ubuntu iliacha kuzihudumia kikamilifu mashine za biti 32 kuanzia toleo la 19.10. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo, na Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa nacho. Mashine ya biti 64 yenye kumbukumbu ndogo bado inaweza kuhudumiwa na mifumo myepesi kama Lubuntu au Xubuntu. Isiyoweza kupandishwa na ambayo ni lazima iendelee kutumika, kwa mfano ile inayoendesha kifaa cha maabara, inafaa kutengwa na intaneti.

Kwa muhtasari, mfumo unaotunzwa unaweza kuongezewa programu mpya mradi programu hiyo ije na mahitaji yake na isiguse msingi. Mfumo ulioachwa hauna budi kupandishwa, hata kama programu zote zilizomo bado zinafanya kazi. Anayeupandisha akiwa na nakala na nafasi huchagua siku yake mwenyewe, tena siku isiyo na kazi nyingi. Anayengoja huchaguliwa siku hiyo na mdukuzi au na diski inayokufa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa data zilizopotea aghalabu hauna matofali ya kuujenga upya.